Namna ya Kutumia Akili Mnemba Kuandaa Makala ya Jarida, Kuanzia Rasimu Hadi Kuchapishwa: Mwongozo Kamili

Makosa yanayowaponza waandishi ni yale yale kila msimu: marejeleo yasiyokuwepo duniani, tamko la matumizi ya akili mnemba lililosahaulika au lililoandikwa kwa kubahatisha, mahojiano ya washiriki yaliyopakiwa mtandaoni bila ridhaa yao, na sentensi ambazo maana yake imehama bila mwenyewe kugundua. Majarida mengi makubwa yanaruhusu zana za akili mnemba, kama ChatGPT, kwa masharti. Anayekwama ni yule anayeyakumbuka masharti hayo siku ya kuwasilisha makala.

Mwongozo huu ni wa mtafiti anayeandaa makala ya jarida, hasa mwanafunzi wa uzamili au uzamivu na mhadhiri anayeandika kwa Kiingereza ilhali si lugha yake ya kwanza. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Hatua ya 2 ndiyo inayozibeba nyingine zote, na ndiyo inayorukwa mara nyingi.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Maelekezo kwa waandishi ya jarida unalolenga, yakiwa yamehifadhiwa kama PDF yenye tarehe uliyoyapakua.
- Cheti cha kibali cha maadili na nakala tupu ya fomu ya ridhaa waliyotia saini washiriki.
- Rasimu yako ya awali, iliyoandikwa kabla ya zana yoyote kuigusa. Iite "rasimu_0" na usiifungue tena kuihariri.
- Programu ya kutunza marejeleo. Zotero ni ya bure na inatosha.
- Lahajedwali moja tupu, Excel au Google Sheets, kwa ajili ya daftari la matumizi ya zana (tazama Hatua ya 2).
- Akaunti moja ya zana ya akili mnemba utakayoitumia kwa makala yote. Kurukaruka kati ya zana nne kunafanya tamko lako lisiandikike.
- Muda wa kuhakiki marejeleo. Ukitenga dakika 10 kwa kila moja, marejeleo 50 yanakula zaidi ya saa 8. Zipange kwenye ratiba sasa, kabla siku ya mwisho haijakubana.

## Hatua ya 1: Soma masharti ya jarida lenyewe

Tafuta kwenye maelekezo sehemu inayotaja akili mnemba na uisome yote. Usitegemee alichokuambia mwenzako aliyechapisha zamani, kwa kuwa sera hizi hubadilika haraka. Jarida la Science lilipiga marufuku maandishi ya zana hizi Januari 2023, na kufikia Novemba mwaka huohuo likawa limeyaruhusu kwa sharti la kuyatamka.

Unatafuta majibu ya maswali manne. Je, kusahihisha sarufi kunahitaji tamko? Tamko linawekwa sehemu gani? Picha zilizotengenezwa na zana zinakubalika? Je, maagizo uliyoipa zana yanatakiwa kuonyeshwa?

Majibu yanatofautiana. Elsevier, kampuni kubwa ya kuchapisha majarida, inataka tamko katika kifungu chake maalumu mwishoni mwa makala, kabla ya marejeleo, lakini haidai tamko kwa ukaguzi wa kawaida wa sarufi na tahajia. Science inataka maagizo yenyewe yaonyeshwe kwenye sehemu ya mbinu. ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, inataka matumizi yatajwe mara mbili: kwenye barua kwa mhariri na ndani ya makala.

Kuna jambo moja ambalo wote wanakubaliana: zana haiandikwi kama mwandishi. COPE, kamati ya maadili ya uchapishaji, ilitoa msimamo huo Februari 2023 na ICMJE ikaufuata Mei mwaka huohuo. Mwandishi huwajibika kwa kazi, hutamka mgongano wa maslahi na hutia saini mkataba wa haki za uchapishaji. Programu haiwezi lolote kati ya hayo.

Kama jarida lako halina sera iliyoandikwa, na majarida kadhaa madogo ya vyuo hayana, mwandikie mhariri barua pepe fupi ukimuuliza maswali hayo manne. Huku ukisubiri jibu, fuata masharti ya ICMJE hata kama fani yako si tiba, kwa sababu yanaeleweka na wahariri wa fani nyingi.

Utajua umefaulu ukiwa na ukurasa mmoja wenye majibu manne na tarehe uliyoyapata.

## Hatua ya 2: Fungua daftari la matumizi siku ya kwanza

Weka safu sita kwenye lahajedwali: tarehe; zana na toleo lake; sehemu ya makala; agizo ulilotoa; kilichobadilika; jina la aliyehakiki. Kila unapotumia zana, jaza mstari mmoja kabla ya kufunga dirisha. Mstari uliojazwa vizuri unaonekana hivi:

> 14 Machi | ChatGPT, toleo kama lilivyoonyeshwa kwenye akaunti | Mjadala, aya ya 3 hadi 5 | "Sahihisha sarufi tu. Usiguse takwimu, marejeleo wala nguvu ya madai. Orodhesha kila ulichobadilisha." | Mabadiliko 7 yamekubaliwa, 2 yamekataliwa | Mwandishi wa pili

Toleo linaandikwa kwa sababu zana yenye jina lilelile leo inaweza kujibu tofauti baada ya miezi mitatu. Msomaji anayetaka kurudia uchambuzi wako anahitaji kujua ulitumia toleo gani na lini. Agizo linaandikwa neno kwa neno kwa sababu ndilo linaloonyesha mpaka kati ya kusahihishiwa na kuandikiwa.

Daftari ni la waandishi wote. Litume kwa kila mwandishi mwenza na umtake ajaze sehemu yake au aandike wazi kwamba hakutumia. Usisahau watu wanaolipwa pembeni: mfasiri, mhariri wa lugha, mchambuzi wa takwimu, na kijana wa steshenari karibu na chuo anayekupigia chapa na "kunyoosha" Kiingereza. Wengi wao wanatumia zana hizi kila siku bila kukueleza. Waulize kwa ujumbe wa maandishi, uhifadhi jibu. Kazi ikichapishwa, hakuna mhariri atakayemwandikia mtu wa steshenari, atakuandikia wewe.

Kinachoharibika hapa: kujaza daftari lote kwa kumbukumbu wiki ya kuwasilisha. Tarehe zinagongana, maagizo yanazuliwa, na tamko linalotoka humo linakuwa la uongo hata kama hukukusudia.

## Hatua ya 3: Tenga kisichopakiwa kabisa

Kabla ya kubandika chochote kwenye zana ya mtandaoni, jiulize kimetoka kwa nani. Maandishi yako mwenyewe unaweza kuyatoa. Mahojiano, majalada ya wagonjwa, orodha za kaya na sauti zilizorekodiwa si vyako, umekabidhiwa.

Kufuta majina hakutoshi. Chukua sentensi kama hii: "mwenyekiti mwanamke pekee wa kijiji katika kata hiyo, mjane, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa." Hakuna jina hata moja, lakini mtu yeyote wa kata hiyo anamjua. Ikishapakiwa kwenye seva iliyo nje ya nchi, huwezi kuirudisha. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi za Kenya na Uganda za 2019 na ya Tanzania ya 2022 zote zina masharti kuhusu kupeleka taarifa za watu nje ya mipaka.

Soma tena fomu ya ridhaa. Kama washiriki waliambiwa kwamba "ni watafiti tu watakaoona majibu yako," basi kuyapakia kwenye zana ya kampuni ni kuvunja ahadi. Kwa utafiti ambao bado haujaanza, omba kamati ya maadili ikuruhusu kuongeza kifungu cha namna hii: "Maandishi ya mahojiano yako, yakiwa yameondolewa utambulisho, yanaweza kuchakatwa kwa programu ya akili mnemba ndani ya kompyuta ya mtafiti. Hayatapakiwa kwenye mtandao."

Hilo linawezekana. Whisper, programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi, inapatikana bure na inaweza kufanya kazi kwenye kompyuta yako bila intaneti. Inakielewa Kiswahili, ingawa kwa makosa mengi kuliko Kiingereza, na ina tabia moja ya hatari: penye ukimya au kelele inaweza kuandika maneno ambayo hakuna aliyeyasema. Kwa hiyo sikiliza rekodi yote huku ukisoma, hasa pale mzungumzaji anaponyamaza kwa muda. Kwa maandishi, programu kama Ollama huendesha modeli ndogo za akili mnemba kwenye kompyuta yenye RAM ya GB 8 hadi 16, polepole lakini data hazitoki nje ya kompyuta yako.

Ukilazimika kutumia zana ya mtandaoni kwa rasimu yako, ingia kwenye mipangilio ya akaunti na uzime ruhusa ya kutumia mazungumzo yako kufundishia modeli. Kuzima ruhusa hiyo hakuhalalishi kupakia data za washiriki.

## Hatua ya 4: Sahihisha lugha bila kuhamisha maana

Hapa ndipo zana hizi zinapomfaa zaidi mwandishi wa Afrika Mashariki, na ndipo zinapomdhuru kimyakimya.

Peleka aya moja au mbili kwa wakati. Ukibandika makala nzima, zana huanza kufupisha, kuunganisha na kudondosha sentensi bila kukuambia. Tumia agizo lenye mipaka kama lile la kwenye daftari hapo juu: sarufi tu, takwimu zisiguswe, mabadiliko yaorodheshwe. Agizo la "boresha aya hii" halina mpaka, na utarudishiwa maandishi ya mtu mwingine.

Kisha linganisha. Hifadhi aya ya awali na iliyorudi kwenye mafaili mawili, kisha katika Word fungua Review, kisha Compare, uchague la awali upande mmoja na la iliyorudi upande wa pili. Usisome iliyorudi peke yake, kwa kuwa itakuvutia kwa utelezi wake. Tazama mfano huu:

> Kabla: Kunawa mikono kwa sabuni kulihusiana na visa vichache vya kuhara.
> Baada: Kunawa mikono kwa sabuni kulipunguza visa vya kuhara.

Ya pili inasomeka vizuri zaidi. Lakini kama utafiti wako ulikuwa wa kuwahoji watu mara moja tu, hauwezi kuthibitisha kwamba kunawa ndiko kulikopunguza. Huenda kaya zenye sabuni ndizo zenye maji safi pia. Mpitiaji makini, yaani mtaalamu anayeipima makala kwa niaba ya jarida, ataliona dai hilo na kuandika kwamba hitimisho halibebwi na data, nawe utashangaa kwa sababu hukuliandika.

Kagua hasa maneno ya tahadhari kama "huenda" na "inaelekea", maneno ya kukanusha, tofauti kati ya asilimia na pointi za asilimia, vipimo, idadi ya washiriki na thamani za p. Kupanda kutoka asilimia 20 hadi 30 ni ongezeko la pointi 10, au asilimia 50 ya kiwango cha mwanzo, zana huvichanganya.

Kaa mbali na programu za kubadilisha maneno ili maandishi "yasitambulike". Tangu 2021 Guillaume Cabanac, mtafiti wa kompyuta wa Ufaransa, na wenzake wamekuwa wakikusanya misemo ya ajabu inayozalishwa na programu hizo: "bosom peril" mahali pa saratani ya matiti, "counterfeit consciousness" mahali pa akili mnemba yenyewe. Sasa kuna mfumo wa kompyuta unaopekua makala zilizochapishwa kuitafuta misemo hiyo, na makala nyingi zimefutwa baada ya kunaswa.

Ukiandika kwa Kiswahili kwa jarida kama Kiswahili, Mulika au Swahili Forum, hatari ni nyingine. Zana hukosea upatanisho wa kisarufi sentensi inaporefuka, huunda istilahi ambazo hakuna anayezitumia, na hupanga sentensi kwa mfuatano wa Kiingereza. Hakiki kila istilahi kwenye kamusi za TUKI au machapisho ya BAKITA, na isomwe na mtu mmoja anayeandika Kiswahili cha kitaaluma. Ikisiri ya Kiswahili iliyotafsiriwa na zana na kubandikwa bila kusomwa ni aibu inayobaki kwenye kumbukumbu za jarida miaka yote.

Utajua umefaulu kama unaweza kueleza kwa mdomo kwa nini ulikubali kila badiliko.

## Hatua ya 5: Hakiki kila rejeleo kwa mkono

Zana ya akili mnemba huzalisha maneno yanayoelekea kufuatana. Inalijua umbo la rejeleo: jina, mwaka, kichwa, jarida, juzuu, kurasa. Kwa hiyo inaweza kukupa rejeleo lenye umbo kamili lakini lisilokuwepo. La hatari zaidi ni lile la nusu kweli, ambapo mwandishi yupo, jarida lipo, na mada ni yake, lakini makala hiyo hakuiandika. Zana zinazotafuta mtandaoni hupunguza tatizo hili ila hazilimalizi, maana hutaja makala iliyopo huku zikiipachika dai ambalo haina.

Kwa kila rejeleo, fanya haya manne kwa mfuatano.

Kwanza, fungua DOI. Ni namba ya utambulisho wa makala, inayoanza na 10. Iandike baada ya doi.org/ na uone inakopeleka. Isipofunguka, au ikifungua makala nyingine kabisa, simama hapo. Usibadilishe tarakimu moja ukidhani ni kosa la chapa.

Pili, tafuta kichwa kizima kikiwa ndani ya alama za kunukuu kwenye Google Scholar na kwenye search.crossref.org. Kisha linganisha juzuu na mwaka, kwani hesabu ndogo hufichua mengi. Jarida lililoanza 2010 likitoa juzuu moja kwa mwaka linafika juzuu ya 10 mwaka 2019. Rejeleo likisema juzuu ya 27 ya 2019, hakuna makala hiyo. Vilevile fungua orodha ya yaliyomo ya toleo husika uone kurasa zilizotajwa zimebeba makala gani.

Tatu, fungua makala na utafute dai. Hapa wengi wanaruka, wakiamini kwamba rejeleo likiwepo limetosha. Soma mahali dai lako lilipo, andika namba ya ukurasa kwenye Zotero. Kama dai limo kwenye ikisiri tu na matokeo yanasema vingine, fuata matokeo. Kama makala imenukuu wengine kwa dai hilo, nenda kwa wa kwanza aliyelisema.

Nne, angalia kama imefutwa. Crossref, shirika linalosajili DOI, ilinunua hifadhidata ya Retraction Watch, inayoorodhesha makala zilizofutwa, mwaka 2023 na kuifanya wazi kwa wote. Zotero huitumia na kukuonyesha onyo jekundu juu ya makala iliyofutwa. Jambo hili si la nadra: katika 2023 pekee, majarida ya mchapishaji Hindawi yalifuta makala zaidi ya 8,000. Zana ya akili mnemba inaweza kukupendekezea mojawapo bila onyo lolote.

Maandiko ya kwetu yanahitaji uangalifu wa pekee. Makala nyingi nzuri za Afrika Mashariki hazina DOI. Ziko kwenye African Journals Online, kwenye hazina za mtandaoni za vyuo, au kwenye rafu za maktaba kwa karatasi tu. Kutokuwa na DOI hakumaanishi ni za uongo. Zitafute kwa kichwa, na ukikwama mwandikie mkutubi wa chuo husika. Zana huyafahamu kidogo maandiko haya, kwa hiyo huyaziba mapengo kwa kuzua au kwa kukupa tafiti za mbali zisizohusu mazingira yako. Mwandishi anayeiachia zana imchagulie marejeleo anawafuta wenzake wa jirani kwenye mazungumzo ya taaluma, na hili linapaswa kutuuma.

Njia salama ni kugeuza mtiririko: tafuta makala mwenyewe, isome, iingize Zotero, kisha andika. Zana itumike kupendekeza maneno ya kutafutia tu.

Utajua umefaulu kama kila rejeleo kwenye Zotero lina faili au picha ya ukurasa, na namba ya ukurasa wenye dai.

## Hatua ya 6: Uchambuzi na picha

Ukiomba zana ikuandikie msimbo wa R, Stata au Python, usianze na data zako zote. Tengeneza data ndogo ya mistari 10 ambayo jibu lake umeshalikokotoa kwa kikokotoo, endesha msimbo, linganisha. Weka humo na mitego. Katika dodoso nyingi, asiyejibu umri huandikwa 99 au 999. Msimbo usioambiwa hilo utamhesabu kama mzee wa miaka 99, na wastani wa umri utapanda bila kosa lolote kuonekana kwenye skrini. Hakikisha pia idadi ya mistari inayobaki baada ya kila hatua. Ukiwa umeanza na washiriki 412 na jedwali lina 388, lazima uweze kusema 24 wameenda wapi.

Kwa uainishaji wa majibu ya wazi, watu wawili wapange angalau moja ya kumi ya majibu bila kuangalia kazi ya zana, kisha ukokotoe kappa, kipimo cha kukubaliana, kati ya watu hao, na kati yao na zana. Ripoti zote. Kama zana inakosea zaidi kwenye majibu ya Kiswahili chenye methali au lugha ya mtaani kuliko ya Kiingereza, hayo ni matokeo ya kuripotiwa.

Picha ni rahisi kueleza: usitengeneze kwa zana picha yoyote inayowakilisha ushahidi, wala usiisafishe picha ya hadubini kwa kitufe cha kuboresha, kwa kuwa huongeza vitu ambavyo havikuwepo kwenye sampuli. Februari 2024 jarida moja la mchapishaji Frontiers lilichapisha mchoro wa panya uliotengenezwa na akili mnemba, wenye viungo visivyowezekana na maneno yasiyo na maana, na makala ikafutwa ndani ya siku chache ingawa waandishi walitamka matumizi yao. Tamko haliponyi mchoro wa uongo. Grafu iliyochorwa na msimbo kutoka data zako haina tatizo. Hifadhi msimbo wake.

## Hatua ya 7: Andika tamko kutoka kwenye daftari

Kwa mujibu wa ICMJE, msaada wa uandishi hutajwa kwenye shukrani, na matumizi katika kukusanya data, kuchambua au kuchora hutajwa kwenye mbinu. Jarida lako likisema vingine, lifuate.

Tamko zuri lina vitu vitano: jina la zana na toleo, kipindi, kazi iliyofanywa, sehemu ya makala, na nani alihakiki. Hiki ni kielelezo, kitafsiri kwa lugha ya jarida:

> "Waandishi walitumia [zana, toleo] kati ya [mwezi] na [mwezi] kusahihisha sarufi katika Utangulizi na Mjadala. Zana haikutumika kutafuta marejeleo, kuchambua data wala kuandika matokeo. Mabadiliko yote yalihakikiwa na [vifupisho vya majina], na waandishi wote wanawajibika kwa maudhui ya makala."

Sentensi ya pili, ya kusema zana *haikufanya* nini, si lazima, lakini humwondolea mhariri shaka. Iandike kama ni kweli tu. Epuka "tulitumia akili mnemba pale ilipohitajika", maana haimwambii msomaji chochote na humfanya mhariri akuulize upya.

Watumie waandishi wenza wote tamko la mwisho, kila mmoja ajibu kwa barua pepe kwamba amekubali.

## Hatua ya 8: Ukaguzi wa saa moja kabla ya kuwasilisha

Fungua faili la mwisho na utumie Ctrl+F kutafuta mabaki ya mazungumzo na zana. Tafuta "as an AI language model", "Certainly, here is" na "Regenerate response". Misemo ya aina hii imeonekana kwenye makala zilizochapishwa na majarida yenye heshima, ikiwemo moja ya 2024 iliyoanza utangulizi wake na hiyo ya pili. Tafuta pia alama ambazo zana huziacha maandishi yakinakiliwa: "utm_source=chatgpt" kwenye viungo, "oaicite", "turn0search", na nyota mbili zinazofuatana (**). Kagua majedwali, maelezo ya picha na viambatisho, si matini kuu pekee.

Hakikisha hakuna maandishi yaliyofichwa kwa rangi nyeupe. Mwaka 2025 ziligunduliwa makala zilizowekwa maagizo ya siri ya kuishawishi zana ya mpitiaji itoe sifa tu. Huo ni udanganyifu. Teua matini yote na uipake rangi nyeusi. Chochote kilichofichwa kwa rangi kitaonekana.

Je, uipitishe kwenye programu ya kutambua maandishi ya akili mnemba? Usiifanye kuwa hakimu. Utafiti wa 2023 wa watafiti wa Stanford uliojaribu programu saba ulikuta kwamba, kwa wastani, asilimia 61.3 ya insha za TOEFL, mtihani wa Kiingereza, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza zilihukumiwa kimakosa kuwa za mashine. OpenAI yenyewe ilifunga programu yake ya utambuzi Julai 2023 kwa kukosa usahihi. Maana yake kwetu ni kwamba mwandishi mwaminifu wa Morogoro au Eldoret anaweza kutuhumiwa bure. Kinga yake ni rasimu_0, historia ya matoleo kwenye Google Docs, na daftari. Ukituhumiwa, tuma hivyo vitatu kwa utulivu, ukionyesha tarehe.

## Hatua ya 9: Majibu kwa wapitiaji, na ukiwa wewe ndiye mpitiaji

Maoni ya wapitiaji kwa kawaida ni siri kati yako na jarida. Yasome, andika kwa maneno yako kila hoja inataka nini, na fanya mabadiliko kwanza. Barua ya majibu ifuate baadaye. Zana ikiandika barua hiyo kabla, hujaza "tumerekebisha kama ulivyoshauri" kwa mambo ambayo hayajaguswa, na mpitiaji akifungua ukurasa husika asikute kitu, uaminifu wako umekwisha. Kila jibu liwe na namba ya ukurasa na mstari uliouangalia kwa macho.

Ukiombwa kupitia makala ya mtu, usipakie mswada wake kwenye zana ya mtandaoni. Elsevier inalikataza moja kwa moja, ICMJE inalizuia pale usiri usipoweza kuhakikishwa, na taasisi za afya za Marekani, NIH, zilipiga marufuku mwaka 2023 kwa wanaopitia maombi ya fedha za utafiti. Mswada huo una mawazo ambayo bado hayajachapishwa, na mwenyewe amekuamini. Kama huna muda wa kuusoma, kataa mwaliko ndani ya siku mbili ili mhariri atafute mwingine.

## Makala ikishachapishwa

Hifadhi rasimu_0, daftari, msimbo na tamko mahali pamoja na data, kwa muda uleule uliotajwa kwenye kibali chako cha maadili. Weka nakala mbili, moja nje ya kompyuta yako.

Ukigundua kosa baadaye, kwa mfano rejeleo la uongo lililopenya au matumizi ambayo mwandishi mwenza hakuyatamka, mwandikie mhariri kabla hujaandikiwa. Barua iwe na mambo manne: ukurasa na mstari wenye kosa, maandishi sahihi, kama hitimisho linabadilika au la, na jinsi kosa lilivyoingia. Waandishi wenza wawekwe kwenye nakala, na mstari husika wa daftari uambatishwe.